Mgeni Njoo, Mwenyeji Aone Aibu

Wana Rungwe wenzangu,

Jumamosi iliyopita nilikuwa kando ya barabara kuu, pale njia ya Ziwa Ngozi inapochepuka, nikisubiri kosta ya kurudi Tukuyu. Baba na mama kutoka Dodoma walishuka na watoto wao wawili. Hata hawajasalimia, vijana wanne walishawazingira. Wa kwanza alinyakua begi, wa pili akamshika mtoto mkono, wa tatu akataja bei ya kuwapeleka ziwani, wa nne akataja mara mbili yake na kuapa kwamba mwenzake hana kibali. Matusi yakafuata, ya Kiswahili na ya Kinyakyusa. Mtoto akaangua kilio. Yule baba akalichukua begi lake, akasema kwa upole, "Basi, ziwa tutaliangalia kwenye simu." Wakapanda gari la kurudi Mbeya.

Nami nilisimama pale na mkungu wangu wa ndizi, kimya. Ndiyo maana leo nasema.

Sababu tunazijua: ajira hakuna, bei haijaandikwa popote, mvua imekula njia, na wakubwa huonekana siku ya kupigwa picha. Lakini mkono uliovuta begi la mgeni haukutumwa na mkubwa yeyote. Ni mkono wetu, wa kijana tuliyemlea wenyewe. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tunataka kupona kwa kumuumiza mgeni.

Na tunachezea nini? Ngozi ni ziwa la kreta lililozungukwa na msitu, wala hakuna mto unaotoka humo. Chupa tukiitupa mle haina pa kwenda. Mto Kiwira umepita chini ya mwamba wa volkano, ukatuachia Daraja la Mungu lisilojengwa na fundi yeyote. Kaporogwe mtu anasimama nyuma ya maji yanayoporomoka. Masoko kuna ziwa na boma la Wajerumani, na wazee bado wanasimulia fedha zilizozamishwa humo. Juu ya Mlima Rungwe anaishi kipunji, kima ambaye wanasayansi walimgundua mwaka 2003 tu, ingawa wawindaji wetu walikuwa na jina lake zamani. Nje ya Tanzania hapatikani. Mali yote hii, halafu tunagombania begi!

Tufanye hivi. Waongoza njia wawe na zamu, kama bodaboda kijiweni: daftari moja, jina lako likifika unaondoka na mgeni, lisipofika unakaa. Bei iandikwe kwa rangi kwenye ubao mkubwa panapochepukia njia, ada ya hifadhi peke yake na malipo ya kijana peke yake, na stakabadhi itolewe. Anayemvuta mgeni afutwe kwenye daftari mwezi mzima, hata akiwa mtoto wa mwenyekiti. Akina mama, mgeni akishuka mlimani miguu ikitetemeka, akute ndizi mbalaga za moto na chai ya hapa hapa, si biskuti kutoka mbali. Walimu, wapelekeni watoto wakaone kwao kabla hawajasimuliwa na wageni. Wachungaji na masheikh, semeni neno. Na ninyi wenzetu mlioko Dar, mnaojisifia parachichi za nyumbani, changieni chochote.

Nawasihi wazazi hasa. Usiku huu muulize mwanao ameshindaje, na hela aliyoleta imetoka mfukoni kwa nani. Ukila hela ya mgeni aliyelizwa, usisingizie kwamba hukujua.

Wale watoto wawili watakua. Shuleni wataulizwa waliona nini Rungwe, nao watajibu: ugomvi. Hilo jibu tumeliandika sisi, na ni sisi wa kulifuta.

Tuanze kwa kurekebisha na kusafisha njia, Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa moja asubuhi, mwanzo wa njia ya Ngozi. Njoo na panga, jembe na gunia la kuokotea takataka. Mvua ikinyesha, njoo hivyo hivyo. Rungwe ukingoja jua, utazeekea ndani.