Zima, Washa: Dawa Inayofuta Ushahidi

Haya wasomaji wangu, leo nina neno na mafundi wenzangu wa tarakilishi hapa Migori na Homa Bay. Tuna ugonjwa mmoja. Mashine ikiwa na kasoro ya kuja na kuondoka, sisi tunajua dawa moja tu: zima, washa. Ikikubali, tunachukua hela yetu na kwenda zetu. Mimi nasema dawa hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa, maana inafuta ushahidi.

Tazameni watu wenye mashine nyeti kuliko zetu zote. Marekani kuna mitambo miwili ya LIGO, mmoja Hanford, mwingine Livingston. Mwali wa leza hugawanywa, ukapita katika mabomba mawili ya kilomita 4 kila moja, ukarudishwa na vioo, kisha ukaunganishwa tena. Wimbi la mvutano likipita, umbali hubadilika kwa kiasi kisichofika sehemu 1 kati ya 1,000 ya upana wa protoni. Kwa unyeti huo, hata treni na mawimbi ya bahari ya mbali ni kelele. Radi pia, zikiwemo hizi zetu za usiku ziwani, huchangia mtikisiko wa sumaku unaozunguka dunia nzima.

Kwa hiyo wamezungusha mashine na mashahidi: maikrofoni, vipima-sumaku, vipima-mtetemo. Mwaka 2017 Hanford walipata kasoro za ghafla. Maikrofoni zikaonyesha kishindo wakati ule ule. Kufuatilia, wakakuta alama za midomo kwenye barafu iliyoganda juu ya bomba la mfumo wa nitrojeni. Kumbe ni kunguru wenye kiu!

Agosti 17 mwaka huo huo ikaja ishara ya nyota mbili za nyutroni zilizogongana. Sekunde 1 hivi kabla ya mgongano, Livingston ikapiga kasoro kubwa, na programu ikaikataa data ya Livingston. Watu wakaifungua wenyewe, wakaiona ishara iko wazi kabisa kando ya kasoro, wakakata kipande kibovu tu. Bila data hiyo, wenye darubini wangetafuta katika eneo kubwa mno la anga.

Sasa turudi nyumbani. Niliitwa kwenye bichi moja ya Homa Bay ambako mizani ya mbuta, iliyounganishwa na tarakilishi, ilikuwa ikipunguza kilo mara moja moja. Wavuvi walikwisha amua kwamba karani ni mwizi, na alikuwa karibu kufukuzwa. Mafundi waliotangulia walikuwa wamezima na kuwasha. Niliandika programu ndogo ya kuhifadhi kila kipimo na saa yake, pamoja na volti kutoka kwenye UPS. Baada ya siku tatu jibu likawa wazi: kila kilo zilipopungua, stima nayo ilikuwa imeshuka, kwa sababu friza ya jirani ilikuwa inaanza kuvuta kwenye laini ile ile. Karani hakuiba hata dagaa.

Mtaniambia mteja hana muda wala pesa. Sawa, lakini daftari na kalamu ni bei gani? Nashauri hivi:

1. Kabla ya kuzima, andika saa, kilichoonekana kwenye skrini, na kilichokuwa kikiendelea chumbani.
2. Weka shahidi wa pili asiyetegemea mashine yenyewe.
3. Usimtaje mtu kabla mashahidi hawajasema.

Hilo la tatu ndilo kubwa. Kasoro isiyo na maelezo hutafuta mtu wa kubebeshwa, na mara nyingi humwangukia mwenye mshahara mdogo kuliko wote. Fundi anayezima na kuwasha bila kuandika kitu amemnyima mtu huyo utetezi wake.

Nyinyi mwaonaje?