Kichocheo Kina Kasi, Sawa. Kitadumu Masaa Mangapi?

Wasee, kuna habari ya sayansi ambayo siku hizi naipita bila kubonyeza: "Kichocheo kipya chenye nguvu mara kumi kuliko platinamu!" Si uongo. Mara nyingi ni kweli kabisa. Shida yangu ni kile kipimo wanachoringia.

Seli ya haidrojeni hutengeneza umeme kwa kuunganisha haidrojeni na oksijeni, na kinachotoka ni maji. Upande wa haidrojeni kazi ni rahisi. Upande wa oksijeni ndio hujikokota, na huko ndiko platinamu nyingi huenda. Bei yake mnaijua, so watu wamepambana miaka mingi kuipunguza. Na wameweza! Miaka ya 1980, maabara ya Los Alamos kule Marekani ilitoka miligramu 4 kwa kila sentimita mraba hadi kama 0.4. Hawakuvumbua metali mpya. Walitumia chembe ndogo za platinamu juu ya kaboni, wakazilowesha plastiki inayopitisha protoni, ndio zile zilizokuwa zimekaa tu bure nazo zipate kazi. Hiyo naiheshimu hadi leo.

Halafu 2007 ikaja ile ya kelele. Maabara ya Argonne, karibu na Chicago, ilichanganya platinamu na nikeli, atomu tatu kwa moja, ikapata uso wenye kasi mara 90 ya kichocheo cha kawaida. Tisini! Lakini hiyo ilikuwa fuwele moja iliyosafishwa vizuri, inapimwa maabarani kwa utulivu. Gari halijui utulivu.

Ndani ya seli kuna asidi. Nikeli huliwa pole pole, ikatoka na kwenda kuchafua utando. Chembe za platinamu zenyewe, za nanomita chache tu, huyeyuka na kujishikiza kwa zile kubwa, kwa hivyo eneo la kufanyia kazi linapungua. Na kinachoziua haraka zaidi ni volti kupanda na kushuka: kanyaga, funga breki, simama, ondoka tena. Manze, hiyo ni Thika Road saa kumi na mbili jioni. (Ndio, huwekwa betri ya kupunguza hiyo mshtuko. Hupunguza tu, haimalizi.)

Sasa piga hesabu na mimi. Lengo ambalo Wizara ya Nishati ya Marekani ilitumia kwa muda mrefu kwa gari la kibinafsi ni masaa 5,000. Matatu ikipiga kazi masaa 14 kwa siku, hayo yanaisha kabla mwaka uishe. Mwenye gari bado analipa loan! Kwa malori lengo ni masaa 25,000, ambayo kwa matatu ni karibu miaka mitano. Hapo tunaongea.

Ndio maana namba ninayoipenda ni ya M2FCT, muungano wa maabara za Marekani ulioanza 2020: kilowati 2.5 kwa kila gramu ya metali za kundi la platinamu, lakini inapimwa baada ya jaribio la kuchosha linalolingana na masaa 25,000. Yaani unaonyesha nguvu ukiwa mzee, si siku ya harusi.

Mtu ataniambia kichocheo cha kudumu kitahitaji platinamu zaidi, na hivyo bei itapanda. Sawa, kwa malori tayari wanakubali kuweka zaidi kuliko ya magari madogo. Lakini platinamu haichomeki kama dizeli. Seli ikifa, nyingi bado iko mle ndani na inaweza kutolewa na kutumika tena. Uliza fundi yeyote wa ekzosi kwa nini ile katalitiki ya gari kuukuu huwa na wanunuzi. Lakini siku ambazo gari limelala gereji bila abiria, hizo hakuna mtu atakurudishia.