Maji si fadhila
Makamanda, mnaikumbuka Katesh? Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang lilizoa nyumba na watu. Misaada ilikuja, waliotoa tunawashukuru. Ila hesabu ni hesabu. Viwango vya Sphere vya misaada ya dharura vinataka walau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku. Kaya ya watu sita ni lita 90, madumu manne na nusu, kila siku, sio siku ya kamera tu. Bado sabuni, bado taulo za kike (hizi ndo husahaulika kabisa).

Sie tunaosoma sheria tunaona tatizo lilipo: Katiba ya 1977, ibara ya 14, inatoa haki ya kuishi, lakini maji haiyataji kama haki. Mwathirika ataenda mahakamani kudai nini? Katiba Mpya iyaandike. Kenya wameshaandika, ibara ya 43, tangu 2010.