ROBOTI WASHINGTON, MUNDU IGAWA!

Kijana mwenzangu, hebu teremka Igawa, usimame kando ya barabara kuu iendayo Tunduma uhesabu malori. Scania utayaona. Howo utayaona. Sasa tafuta Nyumbu. Utasimama mpaka miguu iote mizizi!

Kama hulijui, Nyumbu ni lori lililobuniwa na kuundwa Kibaha na Watanzania wenyewe, miaka ya 1980. Lilitembea. Kilichokosekana ni fedha za kulitengeneza kwa wingi. Sasa wanafunzi wetu wanapelekwa njia ileile.

Julai 2017 Tanzania ilipeleka timu ya wanafunzi Washington, Marekani, kwenye mashindano ya roboti ya FIRST Global. Kila nchi ilipewa vifaa vya aina moja, kila timu iunde roboti yake ya kutenganisha mipira: ya buluu ilikuwa maji safi, ya rangi ya machungwa ilikuwa uchafu. Kwa vifaa, mtoto wa Mtanzania na mtoto wa Mmarekani walikuwa ngoma droo.

Mwaka 2019 serikali nayo ikaanzisha MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Wanafunzi wa sekondari, VETA na vyuo vikuu wakaleta mashine zao. Wakubwa wakapiga makofi, wakapiga picha, wakapanda mashangingi yao.

Halafu? Hapo ndipo penye kasheshe!

Sisemi hakuna aliyesaidiwa. COSTECH imetoa ruzuku kwa wabunifu kadhaa. Lakini ruzuku si soko. Mashine bila mnunuzi ni vyuma chakavu vyenye cheti.

Angalia hapo hapo Igawa. Hii ni Mbarali, ghala la mpunga. Mlalahoi asiye na hela ya kukodi mashine anakata mpunga kwa mundu na kuupiga kwa mikono mpaka mgongo unapinda. Mashine zenyewe za kukodi zimevuka bahari. Na barabara hiyohiyo inakwenda Mbeya, kilipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST, kinachofundisha uhandisi. Mwenye njaa yuko huku, mpishi yuko kule, ufunguo wa jiko uko mfukoni kwa mkubwa!

Fedha hakuna? Mwaka 2009 ulipotangazwa Kilimo Kwanza, halmashauri zilinunua pawatila kutoka nje. Fedha zilionekana. Je, hata robo ya oda ile isingeweza kwenda kwenye karakana zetu?

Watakwambia mashine za wanafunzi ni duni. Sawa, ya kwanza huwa duni! Mashine hukomaa kwa kununuliwa, kuharibikia shambani na kurudi karakana. Nani alijifunza kuogelea ndani ya karai?

Basi msomaji, akija mgombea na fulana zake, mbane kwa swali moja: halmashauri yetu imenunua mashine ngapi za wanafunzi? Akianza kujiumauma, umeshamjua. Mwambie mshindi wa mashindano apewe oda ya mashine japo kumi, chuo na SIDO waziunde, wakulima wa Mbarali wazijaribu msimu mzima.

Medali tumeziona. Tunataka tenda!