Kiini Kinapokataa Moduli

Muhula uliopita mwanachuo mmoja alifuta diski nzima ya kompyuta katika chumba chetu cha mazoezi, akaweka Linux upya tangu mwanzo. Kisa chake kilikuwa kidogo: kadi ya mtandao usio na waya haikufanya kazi, na kila alipojaribu kuipakia moduli yake, mashine iliikataa. Pamoja na diski hiyo zilipotea alama za mazoezi ya kufundisha za wenzake kumi na wanne. Na kadi yenyewe, baada ya taabu yote hiyo, haikufanya kazi.

Hatumlaumu yeye. Twajilaumu sisi wakufunzi, kwa kuwa tulimpa orodha ya amri za kunakili, wala hatukumwonyesha namna ya kusoma jibu ambalo mashine humpa.

Kiini ndicho sehemu ya mfumo inayosimamia kumbukumbu, diski na vifaa vyote. Linux, ambayo Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 huko Helsinki, huruhusu kiini chake kiongezewe vipande viitwavyo moduli hali mashine inafanya kazi. Aghalabu moduli ni programu ya kuendesha kifaa fulani. Kila moduli hubeba alama ya kiini ambacho iliundiwa. Kiini kikiletwa kipya, moduli tuliyoiunda wenyewe hubaki na alama ya kale, na mara nyingi hukataliwa. Hilo ndilo lililomfika mwanachuo wetu. Kwenye kioo aliambiwa tu kwamba umbo la moduli si sahihi. Maelezo kamili yalikuwamo katika kumbukumbu za kiini, ambazo amri ya dmesg ingalimfunulia. Amri ya uname -r ingalimpa toleo la kiini kinachotumika, na modinfo ingalimpa toleo ambalo moduli iliundiwa: 6.1.0-18 upande huu, 6.1.0-17 upande ule. Tofauti ni tarakimu moja! Dawa yake ni kuleta faili za vichwa za kiini kipya na kuiunda moduli tena, au, kwa dharura, kuiwasha mashine kwa kiini cha zamani, ambacho kwa kawaida huwa bado kimo katika orodha ya kuwashia.

Yapo makosa mengine yenye sura kama hiyo. Amri ya insmod hupakia faili ile tu iliyotajwa, bila kutafuta moduli nyingine ambazo faili hiyo inazitegemea. Modprobe huzitafuta, lakini kwa kufuata orodha iliyoandaliwa na depmod. Sisi wenyewe tuliwahi kupoteza alasiri nzima tukishangaa kwa nini modprobe haiioni moduli tuliyokwisha kuinakili mahali pake, kumbe hatukuendesha depmod.

Wenzetu wengine husema kwamba mwalimu wa shule ya msingi hana haja na mambo haya. Kuhusu moduli zenyewe, yamkini wasema kweli, nasi hatudai ziingie katika mtihani. Lakini mtoto wa darasa la tatu aandikapo 42 − 17 = 35, jibu lake nalo lina sababu: ametoa tarakimu ndogo katika kubwa kila safu. Mwalimu atiaye mkasi na kumwamuru aanze ukurasa mpya amefanya yale yale yaliyofanywa kwa diski yetu.

Twapendekeza kipindi pacha kimoja, kwa mashine isiyo na kazi ya mtu. Mkufunzi aweke moduli ya toleo jingine, na kwa robo saa ya kwanza pasiwe na amri za kutengeneza, ila za kusoma tu, mpaka kila kikundi kiandike daftarini kiini kimesema nini na wao wanadhani nini. Kikundi kimoja kipewe mashine ambayo ulinzi wake wa kuwasha hukataa moduli isiyo na saini. Hapo hakuna kilichoharibika; kiini kinatimiza wajibu wake, na mwanachuo hana budi kumwuliza mwenye mashine kabla ya kuuzima ulinzi huo.