Ukunda bado ina nafasi, tutenge njia ya reli sasa

Saa kumi na moja alfajiri, steji ya Ukunda. Makanga anaita "Likoni! Likoni!" nawe umekumbatia mkoba ukipiga hesabu: matatu ijae kwanza, ipite Tiwi, Kombani, Waa na Ng'ombeni. Halafu feri. Halafu matatu nyingine ng'ambo. Ni kilomita kama 30 hadi Likoni, lakini ukifika kazini ushachoka kabla hujaanza kazi yenyewe.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Sababu zilikuwa nyingi, sikudanganyi, ila nauli ilikuwa ya kwanza. Matatu mbili kwenda, mbili kurudi, siku tano kwa wiki. Kwa hivyo nikitaja treni usidhani naota Ulaya. Nazungumzia nani anamaliza masomo na nani anarudi maskani.

Hebu tazama tunavyoongezeka. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 649,931 Kaunti ya Kwale. Ile ya 2019 ikapata 866,820. Mombasa nayo imepita milioni 1.2. Wote hawa wanategemea barabara, na barabara ina kipimo chake. Matatu ya abiria 14 ikitaka kubeba watu 700 lazima iwe matatu 50, zikifuatana, zikipigiana honi. Treni moja ya mabehewa kadhaa inawabeba kwa mkupuo mmoja, na haikai foleni nyuma ya trela.

Na reli si kitu kigeni kwetu. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa 1896. Miaka hiyo hiyo, ndani ya kisiwa, wakubwa walipanda vitoroli vilivyosukumwa na watu juu ya vyuma vyembamba. SGR ikaja 2017, ikaishia Miritini. Zote mbili zimeelekea bara. Sisi wa kusini mwa Likoni hatuna hata reli moja ya abiria.

Utaniambia, si tuna Dongo Kundu? Ni kweli, na daraja la Mteza peke yake lina zaidi ya kilomita 1.4. Limetufaa sana. Lakini limejengwa kwa magari, na barabara mpya haikawii kuita magari mapya. Waulize wa Nairobi.

Sasa, sisemi treni inunuliwe kesho. Addis Ababa walizindua treni za mjini 2015, njia mbili, kama kilomita 34. Miaka michache baadaye nyingi zilikuwa zimeegeshwa kwa kukosa vipuri. Kukata utepe ni rahisi. Kutunza ndiyo kazi. Pesa za matengenezo zisipopangwa mwanzo, tutabaki na vyuma vya kupigia selfi.

Ninachoomba ni kidogo, na hakingoji mabilioni ya reli: ardhi. Kaunti na serikali kuu zichore njia ya reli kutoka Ukunda kwenda Mombasa, ziiandike kwenye ramani, ziwalipe wenye mashamba haki yao, kisha zizuie ujenzi hapo. Leo ukitoka Ukunda kuelekea Tiwi bado unaona minazi na mikorosho. Miaka kumi ijayo utaona ploti, fleti na maduka. Wakati huo reli itamaanisha kubomolea watu nyumba, kesi mahakamani, na gharama mara nyingi zaidi. Mwishowe mradi utaachwa.

Na ndugu zangu wa matatu, boda na tuktuk, msinikasirikie. Treni haifiki mlangoni. Abiria akishuka stesheni lazima mtu ampeleke Bongwe, Mvindeni au ufuoni Diani. Safari fupi nyingi, abiria wa uhakika. Hiyo si hasara.

Mpango wa maendeleo wa kaunti huandikwa kila baada ya miaka 5, na wa sasa unaishia 2027. Kabla mpya kuandikwa, wananchi lazima waitwe kutoa maoni, ni sheria. Mikutano hiyo kwa kawaida hujaa wazee, sisi tuko kwenye simu tunalalamika. Safari hii ukisikia imeitishwa, njoo. Inuka, useme jambo moja tu: tengeni njia ya reli. Hata kama hutaipanda wewe, kuna mtoto wa Ukunda atakayemaliza chuo kwa sababu uliinuka.