Ndege ya Wanafunzi Imefutwa? Usimtumie Mtoto Wako Nauli Yake Pekee

Tarehe 11 Septemba 2024 wafanyakazi wa viwanja vya ndege waligoma wakipinga mpango wa kukodisha JKIA kwa kampuni ya Adani. Mgomo uliisha siku iyo hiyo, lakini abiria walikuwa wameshakwama. Miaka miwili kabla ya hapo, Novemba 2022, marubani wa Kenya Airways nao waligoma siku kadhaa. Nani alikuwa na haki, hilo tuwaachie wengine. Mimi nataka tuongee kuhusu simu za wazazi, hasa pale abiria waliokwama ni wanafunzi.

Chukua mfano huu. Wanafunzi 32 wa shule ya upili kutoka Mombasa na walimu watatu wanarudi kutoka ziara ya Kigali. Wameshuka JKIA jioni, ndege ya kuwaunganisha hadi nyumbani imefutwa. Habari inaingia kwenye kundi la WhatsApp. Ndani ya dakika kumi mzazi mmoja ametuma 3,000, na ya kutoa juu: "Mwalimu, wangu apande basi ya usiku, shangazi yake atampokea." Wa pili anafuata, wa tatu pia. Kufikia saa mbili usiku watoto tisa wanataka kuondoka, kila mmoja na njia yake, na mwalimu hajui tena awasimamie wapi. Wale ambao wazazi wao hawana kitu mwisho wa mwezi wamekaa juu ya mabegi wakiangalia wenzao.

Huyo mzazi wa kwanza hana ubaya. Ana uchungu wa mtoto. Lakini pesa ya simu ina kasi kuliko mpango wowote, na kasi hiyo ndiyo inayolivunja kundi. Msimamo wangu ni huu: usitume hata shilingi hadi kundi zima lijue linarudi vipi, na ukituma, tuma mahali pamoja.

Kwanza kabisa, walimu wapange foleni kwenye dawati la shirika la ndege. Waulize: mnatupa ndege gani nyingine, lini, na tutalala wapi? Msikubali kurudishiwa pesa kabla ya kujua mtasafiri vipi. Kwa kawaida ukishachukua pesa yako, shirika limemalizana nawe. Hapo jukumu la kuwafikisha watoto nyumbani ni lenu.

Jibu likiwa ni kusubiri siku mbili, basi fanyeni hesabu. Stesheni ya SGR ya Syokimau haiko mbali na JKIA. Nauli ya daraja la kawaida hadi Mombasa ilipandishwa kuwa 1,500 mwaka 2024. Watu 35 ni 52,500. Weka 500 kila mmoja ya chakula, 17,500. Jumla 70,000, ukiacha matatu za kuwapeleka stesheni. Gawanya kwa wazazi 32, ni kama 2,200 kila mmoja, tena hapo walimu wamelipiwa. Yule aliyekuwa tayari kutuma 3,000 amebaki na chenji, na chenji hiyo inaweza kumsaidia mtoto ambaye mzazi wake amekwama.

Sasa, pesa iingie wapi? Wengi watasema kwa mwalimu. Mimi nasema hapana. Si kwamba simwamini mwalimu. Simu yake ina asilimia 11 ya chaji, wazazi 32 wanampigia, na watoto wako mbele yake wana njaa. Wengine watasema Paybill ya shule. Hiyo ni nzuri kwa karo, lakini pesa mara nyingi huenda benki, na kuitoa kunahitaji watu wa kutia sahihi. Saa tatu usiku utawapata wapi?

Pesa haihitaji kwenda Nairobi, jamani. Tiketi ya treni hulipiwa kwa simu hata ukiwa umeketi Likoni. Kwa hiyo mchague mzazi mmoja aliye nyumbani, mwenye chaji na kichwa kilichotulia, awe mhazini. Mwalimu amtumie majina na nambari za vitambulisho au vyeti vya kuzaliwa (afadhali orodha hiyo iwe tayari kabla hata ya safari kuanza). Mhazini alipe nauli. Chakula alipe moja kwa moja kwa till ya mkahawa, akisoma jina kabla ya kuweka PIN. Kila ujumbe wa malipo auweke kwenye kundi papo hapo. Salio lake anaweza kulificha, hilo si letu. Na awepo mzazi wa pili wa kuhesabu, maana maneno ya "pesa zilienda wapi" huanza wiki moja baadaye, watoto wakiwa wameshafika na kusahau.

Mkiamua kununua tiketi za ndege nyingine, kumbukeni kwenye M-Pesa muamala mmoja hauzidi 250,000 na siku nzima ni 500,000. Tiketi 35 zinaweza kupita kiwango cha kwanza. Ulizeni mapema kama mtakubaliwa kulipa mara mbili, au wazazi wawili walipe, msije mkagundua nafasi zikiwa zimeshachukuliwa.

Usiku kama huo wakora nao hawalali. Mzazi akilalamika mtandaoni, akaunti yenye nembo ya shirika inamjibu haraka kuliko shirika lenyewe: "Pole sana, tupe nambari yako turudishe pesa." Kisha wanataka PIN, au utume ada kidogo kwanza. Kurudishiwa pesa hakuhitaji PIN yako, wala hutumi pesa ili upokee pesa.

Na pesa ya tiketi zilizofutwa kwa kawaida humrudia aliyelipa, kwa njia aliyolipia. Ikiwa shule ndiyo iliyolipa, itaingia kwa shule, labda baada ya wiki kadhaa. Mhazini asifute ile orodha ya nani alichanga ngapi. Siku hiyo shule itaihitaji ili kila mzazi apate chake, na yule aliyelipia watoto wawili arudishiwe cha wawili.